Sindano Ndani ya Leso Yako

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mdomo umeshazoea na mkono nao umeufuata.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibaraza chako hapa Ukunda. Cherehani yako nimeilaza ubavu juani, nimedondosha mafuta ya taa kila tundu. Ulinifundisha kwamba mafuta yakishatiwa, mtu akae mbali ayaache yapenye. Haya, nimekaa mbali. Lakini mikono yangu unaijua. Isiposhika kalamu itakwenda kulishika gurudumu, na nikilishika sasa nitavunja.

Imeganda, Mama. Aliyeigandisha ni mama mdogo Mwanatumu, na simlaumu. Au namlaumu kidogo. Sisi tukiwa kwenye matanga, yeye aliogopa kutu isiingie, akachukua chupa ya mafuta ya nazi akaipaka yote kama anayempaka bibi harusi. Arubaini ikapita, miezi ikafuata, na cherehani imefunikwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Nilipofunua, mafuta yamekuwa gundi. Wangapi walikuletea zao kutoka Msambweni na Tiwi kwa kosa hilo hilo, nawe ukawafokea kwamba nazi ni ya wali na nywele? Leo ni yako. Ningecheka, laiti nisingekuwa na hofu hii.

Hofu yenyewe ni kwamba sindano imekwama chini, ndani ya leso yako. Wewe uliyewapindia mtaa mzima leso zao, zako zote zilikuwa zinaning'inia nyuzi, mpaka tukawa tunakutania kinyozi hajinyoi. Mara hii ukasema utajishonea. Pande la kwanza ukalimaliza, nalo ndilo tulilokufunikia pale kitandani. La pili ulilifikisha katikati. Mapindo marefu hukuwa ukifika mwisho bila kuniita, "Nipokee." Unasogea, nakaa, naendeleza, na uzi hatuukati. Siku ile hukuita. Uliinuka kimya ukaenda kujinyoosha, na hukurudi.

Na sindano hiyo ni ya mwisho. Unakumbuka ulivyokuja na cherehani hii kutoka Lunga Lunga? Aliyekuuzia alikuwa ameipaka rangi mpya na kuibandika jina kubwa la dhahabu, sisi sote tukasoma jina tukafurahi. Wewe hukusoma. Uliipindua ukatazama tumbo lake, ukachomoa kile chuma kinachobeba uzi wa chini. Kwenye cherehani za siku hizi kina umbo la duara, hiki kilikuwa kirefu na chembamba kama kokwa ya tende. Ukaniambia jina ni rangi tu, hii ni kongwe kuliko jina lake, na sindano zake ni ndefu, haziuzwi tena madukani. Nikadhani unajisifu. Wiki hii nimeingia kila duka la Ukunda. Kijana mmoja wa bara akaniapia kwamba zake zinafit mashine zote. Nimejaribu kuzilinganisha, fupi zote.

Basi nikilazimisha gurudumu, sindano itakatika. Ikikatika, cherehani imekufa, na kesho Kaka Juma anaitoa. Amempata mtu mwenye nyumba za wageni kule Tiwi, anataka kuifanya meza ya kuwekea taa. Usimkasirikie. Anasema kila akiiona imenyamaza kifua kinambana. Tumekubaliana kwamba ikizunguka kabla mtu huyo hajafika, inabaki. Nilikubali kwa hasira, najifanya najua kazi. Sijui, Mama. Tangu alfajiri kila dakika nainua shingo kuitazama, kana kwamba itazunguka yenyewe.

Ngoja niijaribu.

Mama, nimerudi. Ni Ijumaa sasa. Jana haikusogea hata chembe, na usingizi sikuupata. Leo asubuhi nimetia mafuta tena, nimesugua kwa mswaki, nimesogeza pasi ya moto karibu na chuma bila kukigusa. Nilipotaka kutumia nguvu nilikusikia kabisa, "Usibishane nayo. Ibembeleze." Nikaibembeleza, mbele kidogo, nyuma kidogo, upana wa ukucha. Jasho linanitoka, nasema Ya Rabbi, Ya Rabbi. Mara ikalia, kwa! Nikafumba macho. Nilijua ni sindano.

Haikuwa sindano. Ilikuwa gundi imeachia. Gurudumu likaja mkononi taratibu, na sindano ikapanda, nzima, uzi wako bado umo tunduni.

Nilitaka kuitoa leso niikunje niiweke kabatini. Nikashindwa. Nikavuta kiti chako, nikakaa, nikaanza pale pale ulipoachia. Mishono ikaenda upogo, lakini ikaenda. Nilikuwa nakaribia kona niliposikia gari limesimama, na Kaka Juma akaita kutoka nje, kwa sauti ya mtoto aliyetoka chuo cha Kurani ana njaa, "Mama?"

Halafu akakumbuka. Alipoingia alikaa kwenye kizingiti akajifunika uso kwa kofia yake. Nami nikaendelea kushona tu, maana niliona ndicho anachotaka kusikia. Mtu wa Tiwi tumemwambia akatafute meza kwa seremala.

Hofu haijaisha. Sindano bado ni moja. Nakuahidi nitaishonea vitambaa vyepesi tu mpaka nipate nyingine, hata ikibidi nizunguke kwa kila fundi mkongwe wa pwani hii. Mafuta ya nazi nimeyarudisha jikoni, na mama mdogo ameniona.

Lala salama, Mama, Mwenyezi Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Leso yako nitajifunga mimi. Pindo lake lina mishono midogo iliyonyooka, kisha ghafla mikubwa iliyoyumba. Sitaifumua, na uzi sikuukata.

Nimekupokea.

Mwanao,
Mwanaisha