Shavu Lako la Kulia

Baba yangu, shikamoo.

Najua ungeitikia marahaba, kisha ungeniuliza, "Haya, leo una swali gani tena?" Ninalo, baba. Ni lilelile la tangu niko darasa la tano pale Temeke: kwa nini ulikuwa na nyuso mbili?

Sisemi kwamba ulikuwa mnafiki. Nasema shavu lako la kushoto lilikuwa laini, na la kulia limekunjamana kuanzia pembe ya jicho hadi shingoni, lina mabaka meusi. Ukikaa barazani ukanipa upande wa kushoto, nilimwona kijana aliyemposa mama. Ukigeuka, nilimwona babu. Mama alisema ni uzee unabisha hodi. Nilipomuuliza uzee unawezaje kuanza upande mmoja, akanituma dukani kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Jibu nililipata mchangani. Wewe ulikuwa dereva wa lori la shirika la umma. Kila siku ulikwenda Wazo kupakia saruji, ukaileta ghalani Chang'ombe, isubiri kupelekwa vijiji vya ujamaa kujengea madarasa na zahanati. Siku mwalimu alipotufundisha dira, nilirudi nyumbani nikachora barabara yako uani, nikatembeza kiberiti kama lori. Asubuhi unakwenda kaskazini, jua liko mashariki, kuliani kwako. Alasiri unarudi kusini, jua limehamia magharibi. Kuliani kwako tena! Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Kwenda na kurudi ulikuwa unalipelekea jua shavu lilelile, na mkono uleule ulioutoa dirishani.

Nilipokueleza, ulicheka mpaka ukakohoa. "Mie mweusi bwana, jua litanifanya nini? Linaunguza Wazungu hilo."

Mama hakucheka. Alikusagia liwa, akakupaka shavuni asubuhi, nawe ukaifuta kabla hujafika kona. Ndipo akachukua doti yake ya kanga nyekundu, akaitenganisha. Kanga moja akaishona pazia la dirisha la lori, ya pili akairudisha sandukuni. Ulimshukuru vizuri sana. Kila jioni ulirudi pazia likining'inia, mama akafurahi.

Miezi ikapita, akalishusha alifue. Mie na udadisi wangu nikafungua sanduku, nikaiweka kanga ya pili juu yake. Zote mbili nyekundu kama zimetoka dukani leo. Kanga iliyopigwa na jua la Wazo miezi yote hiyo haikupauka hata uzi! Nikakutazama, ukanikonyeza nikufuate nje.

"Naivuaga nikifika Magomeni," ulininong'oneza. "Nairudisha nikikaribia nyumbani. Wenzangu wananiita bi harusi, mwanangu. Usimwambie mama yako."

Sikumwambia. Lakini nilikasirika, baba, na leo nakuambia waziwazi. Nilihisi kama umelidharau penzi la mama na kiberiti changu kwa pamoja.

Halafu ikaja habari ya umri. Hukuwa na cheti. Ulichojua ni kwamba bibi alikuzaa kule Lindi mwaka wa nzige, na nzige walikuja zaidi ya mara moja. Ofisini kwenu wakasema wasio na vyeti watakadiriwa kwa macho. Mwenzako Mzee Saidi alitazamwa, akaandikiwa hamsini na tano, na wiki hiyohiyo akarudishwa nyumbani kustaafu. Sisi tulikuwa watoto watano, mkubwa ni mimi.

Ulinichukua nikusaidie kusoma fomu. Tulipofika mlangoni nikakushika shati. "Baba, kaa umpe la kushoto. Usigeuke."

Ukakaa upande, umekakamaa kana kwamba una jipu shingoni. Karani akakutazama, akaridhika, akachovya kalamu. Moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akasema, "Hebu nitazame vizuri, ndugu." Ukageuka. Nilimwona anavyoinua kalamu, nikatamani ardhi ipasuke. Akasimama, akazunguka meza, akakuchungulia huku, akakuchungulia kule.

"Huyu wa kulia nimstaafishe leo, huyu wa kushoto ndiyo kwanza anaoa," alisema. "Sasa nimwandike nani?"

"Andika wa katikati," ulijibu.

Akacheka, akaandika hamsini. Tulipotoka nje ulikalia ngazi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokuona unaogopa. "Nusura shavu liwanyime chakula," ulisema.

Kuanzia kesho yake ulivaa mikono mirefu na pazia hukulivua tena, hata Magomeni. Ukaitwa bi harusi mpaka ukazoea. Ulipostaafu, kanga ya lori ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ninayo mpaka leo, pamoja na mwenzake mwekundu, na wageni hawaamini kuwa ni doti moja.

Sasa nami ni bibi. Naenda sokoni Mabibo na mwavuli jua likiwaka, watu wananiuliza kama mvua inakuja. Mjukuu wangu ameniletea mafuta ya kujikinga na jua, anadhani ananifundisha jambo jipya. Nikijipaka nakukumbuka, na kila nikijitazama kwenye kioo nalinganisha mashavu yangu, kwanza moja, halafu la pili.

Siku tuliyokuzika, mdogo wangu Hamisi ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Aliporudi nyumbani, magoti yake bado yana udongo, nilimvuta pembeni. Nilikuwa na swali.

"Shavu gani mmeliweka chini?"

Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. "La kulia, dada. Si ndivyo tunavyowalaza wote, waelekee kibla?"

Nilicheka, baba, mbele ya watu waliokuja kutuhani. Halafu nikalia mpaka mama akaja kunishika. Lile lililokwenda Wazo na kurudi ndilo lililotangulia kupata ubaridi wa udongo.

Basi pumzika nalo. Umri wako mpaka leo sijaujua, na bado nauliza.

Ni mimi bintiyo, yule wa maswali.