Namba Haiazimwi Kama Ng'ombe

Kulamawe, Isiolo
Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha kamba, goti limetulia, na Mama hajakuficha sukari tena. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kabla hujauliza, ndiyo, naswali. Huku mvua bado tunaiangalia tu juu. Nijulishe malisho ya Biliqo yakoje, na kama yule ndama mdogo amesimama. Ulianza kunieleza habari zake kwenye simu juzi, halafu simu ikakatika kama kawaida. Najua ulikuwa umepanda kile kilima chote ili upate kunisikia, ukashuka na maneno yako mdomoni. Kwa hivyo nampa dereva wa lori la mbuzi barua hii akuletee. Karatasi haikatiki njiani.

Baba, nina furaha mpaka kalamu inaruka mistari. Lakini nikikuambia mwisho kwanza utafunga macho usinzie, kwa hivyo nitaanza mbali, kama wewe unavyosimulia habari za ngamia aliyepotea mpaka chai inapoa.

Unakumbuka ulivyonicheka ukasema umesomesha mtoto ili aende mjini kugawa namba za hewani. Iliniuma. Sasa nisikilize. Mtandao wetu ni wa watu wa mtaa wenyewe. Intaneti inaingia mahali pamoja, kwenye mnara mdogo juu ya tangi la maji, halafu inarushwa kwa antena kutoka paa hili hadi paa lile. Kila antena ina anwani yake, nayo ni mstari wa namba. Ujumbe ukija hutafuta namba hiyo, kama mgeni anavyoulizia boma la fulani. Maboma mawili yakiitika jina moja, mgeni atazunguka na njaa yake. Mimi ndiye ninayegawa hizo namba, mtaa huu fungu lake, mtaa ule fungu lake, na mbili zisifanane kamwe. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ukicheka tena sikuletei ile miwani uliyoniagiza.

Mwenyekiti wa kamati yetu ni Mzee Warsame, mwenye malori, wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao waliletwa hapa na uaskari wa Mzungu. Ni mtu wa maneno machache na hapendi kitu kibovu. Tulipopata vyombo vya kupeleka mtandao nje ya mji, mimi nilisimama nikaomba viende kwetu Biliqo, kwenye zahanati na shule, na kutoka hapo vifike maboma. Wengine walitaka viende Rapsu, kwa kuwa ni karibu na wakulima wa kule wana vitunguu vya kuuza. Mzee akasema kama mtandao wa hapa utakaa bila kuanguka mpaka mkutano wa Jumamosi, vyombo vitaenda Biliqo. Ukianguka, vitaenda Rapsu, maana anayeshindwa na lori hapa nyumbani hapewi safari ndefu. Nilikubali mbele ya watu wote, kifua mbele, kama jogoo.

Kesho yake Kulamawe yote ikazimika.

Ilirudi baada ya muda, ikazimika tena. Asubuhi iko, adhuhuri haiko, jioni inakuja na kwenda. Fundi wetu Kimathi, Mmeru wa Maua anayepanda mnara na shavu limejaa miraa, alibadilisha waya, akakaza antena, akalaumu upepo, mwishowe akalaumu kunguru. Mimi nililaumu jua, kisha nikamlaumu Kimathi. Simu zikawa zinanijia kutoka kila nyumba. Niliona vyombo vyetu vinapakiwa kwenda Rapsu, nikakuona wewe na goti lako mkipanda kilima mpaka uzeeni. 

Ndipo nikaketi na kompyuta nitazame ni nani anaitika. Kila antena, mbali na anwani ninayoipa mimi, ina alama yake ya kiwandani, kama alama ya sikio tunayowakata mbuzi wetu. Anwani ya mteja wetu mmoja, Hawo, ilikuwa inaitika kwa alama moja, kisha baada ya kitambo inaitika kwa alama nyingine kabisa. Mbuzi wawili, jina moja. Na Hawo si nyumba ya pembeni. Paa lake ndilo linaloupokea mtandao kutoka kwenye tangi na kuupokeza mtaa wote ulio nyuma yake. Akichanganyikiwa Hawo, Kulamawe yote imechanganyikiwa.

Hawo ni mama wa kwetu, Mborana, anauza maziwa ya ngamia, na wateja wanamwagizia kwa simu. Nilikwenda kwake nikiwa nimefura, tayari kumuuliza ni mwizi gani ameiba namba yake. Alinikaribisha, akanipa maziwa, akaniacha ninywe mpaka nusu. Kisha akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba haijaibwa. Amemwazima jirani.

Jirani mwenyewe ni Mama Ekai, Mturkana, fundi wa kushona nguo. Alinunua antena kuukuu kutoka kwa mtu aliyehama, na kamati ikamwambia asubiri mkutano ndipo apewe namba, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Hawo akamwonea huruma. Wakaketi wawili, wakanakili kila kitu kutoka kwenye antena ya Hawo, namba kwa namba, wala hawakukosea hata moja. Wakagawana siku vizuri kabisa. Hawo atumie asubuhi, wakati wa wateja wa maziwa, kisha azime yake ili Mama Ekai awashe ya kwake mpaka jioni, aangalie mishono. Mmoja akizima mapema mtaa unakatika, mmoja akisahau kuzima mtaa unavurugika. Na wao wakashangaa tu, wakasema siku hizi mtandao ni mbaya.

Nikamuuliza Hawo kwa nini hakuniuliza kwanza. Alinitazama kama mtoto aliyepotea.

"Hiyo namba si mlinipatia ikuwe yangu? Mwenzako akikosa maziwa, wewe uko na ng'ombe, utamnyima? Hata babako hawezi fanya hivyo."

Baba, hasira yote iliniisha, nikacheka mpaka nikamwaga maziwa. Maana nilimkumbuka yule ng'ombe mweupe uliyemtoa dabare kwa mjane wa pale kisimani, akamkamue alee watoto wake, ng'ombe abaki wako. Hukumuomba mtu ruhusa. Hawo alifanya vile vile ulivyotulea sisi kufanya. Ila ng'ombe akienda kwa jirani anaondoka kwako, na namba ikinakiliwa inabaki kote kuwili. Hilo nilimweleza, na alielewa kabla sijamaliza.

Sikumkemea mtu. Palepale nilimpa Mama Ekai namba yake mwenyewe, Kimathi akaiingiza, na antena zote mbili zikawaka pamoja. Tulikaa uani tukizitazama zile taa za kijani kama watu wanaongoja maandazi yaive. Hazikuzimika. Hazikuzimika siku hiyo wala zilizofuata.

Jumamosi nikaingia mkutanoni kwa woga, kwa sababu kusema kweli mtandao ulikuwa umeanguka, na nilikuwa nimekubali sharti mbele ya watu wote. Nilieleza yote bila kuficha. Nikasema watu wa hapa hawawezi kumwona jirani akikosa na wao wanacho, na sheria yetu ya kumwambia mgeni asubiri mkutano ndiyo iliyowasukuma kuazimana. Nikaomba tutenge fungu la namba za wageni, ili anayekuja na antena apewe siku hiyo hiyo. Wale waliotaka Rapsu wakasema sharti ni sharti. Hawakukosea, nikakaa chini.

Mama Ekai akainuka.

"Mimi ndio nilikuwa nakula kwa sahani ya mwenzangu. Huyu msichana angenifungia, hakuna mtu angeuliza. Yeye akaniletea sahani yangu. Sasa mnamnyima ya kwao?"

 Mzee Warsame alisugua ndevu, akasema lori si bovu kwa sababu limesimama, lori bovu ni lile ambalo dereva hajui kwa nini limesimama. Akanigeukia. "Wewe umejua. Peleka Biliqo. Rapsu watangoja zamu."

Baba, sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilikimbia, na watu wa sokoni wakadhani kuna vita.

Msalimie Mama, mwambie aanze kuzoea sura yangu kwenye simu. Msalimie dada Dirramu pale zahanati, antena ya kwanza itakaa juu ya paa lake la kazi. Kaka Guyo huko kwenye ngamia asalimiwe sana, na bibi abusiwe mkono kwa niaba yangu. Mwambie pia mjane wa kisimani kwamba yule ng'ombe anayemkamua amenipa ushindi bila yeye kujua.

Nimekwisha kulipanga fungu la Biliqo. Namba ya kwanza kabisa nimeitenga iwe ya boma lako. Nakujua, akija jirani kuiomba utaitoa kabla hajaketi. Tafadhali, hii moja unyime. Huyo jirani mwelekeze kwangu, ninazo za kumtosha. Hiyo ni yako wewe peke yako, Baba, ili umalize kunieleza habari za yule ndama ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Bintiyo anayegawa namba za hewani,
Talaso