Kinywa cha Mama Mdogo Wagiyem

Klaten, Jumatano

Mdogo wangu Gunarto,

Bata wametaga, paa la jikoni bado linavuja, na mwanao ameanza kunenepa. Najua mkeo Lestari hakukuambia kwenye simu jinsi mtoto alivyokuwa amekonda.

Kila mtu aliyalaumu maziwa ya Lestari. Mama alimnywesha supu ya majani ya katuk ya kuongeza maziwa asubuhi na jioni, majirani wakamkataza pilipili, nami nikagombana nao wote bila faida. Mtoto alilishika titi, akaliachia, akalia.

Ndipo Mama Mdogo Wagiyem, ambaye ulizoea kumwigiza akinadi rujak yake, matunda yake ya kukatwa yenye pilipili, "Lujak! Lujak ya embe!", akamfunua mtoto mdomo. Kisha yeye, ambaye miaka yote hucheka ameziba kinywa kwa kiganja, akaketi katikati ya sebule na kuachama mbele yetu sote.

"Tazameni ulimi wangu ulivyofungwa kwa chini. Wa mtoto ni huu huu. Lestari ana kosa gani?"

Kliniki walikikata upesi kile kiutando kilichoufunga ulimi wa mtoto. Daktari akamwambia Mama Mdogo kwamba hata chake kinakatika.

"We mwanangu! Nikinadi vizuri, wateja si watadhani kibanda nimekiuza?"

Nimebishana na wasemaji wakubwa, Gunarto, na sijaona ujasiri kama wa kinywa kile kilichofunguka. Ukipiga simu Jumapili, usimwigize. Mshukuru. Mwanao yuko hapa ubavuni mwangu, kifuani kwa mama yake, ananyonya, nasikia anavyomeza.

Dada yako asiyenyamaza,
Suryati