Wiki Moja Katika Nyumba ya Mama Odila

Jumanne, 26 Agosti

Nimefagia baraza kabla mume wangu Anaclet hajaamka, kama ninavyofanya kwetu mjini Likasi kila asubuhi. Hapa hakuna vumbi la kufagia. Nimefagia hata hivyo.

Usiku wa kwanza umekuwa mwema. Mume wangu amekohoa kidogo tu. Tangu alipostaafu kiwandani, kikohozi humwamsha kabla ya majogoo. Daktari alisema tumtoe kwenye moshi na vumbi, walau kwa wiki moja. Ndipo tukapanga nyumba hii, upande wa mto Lufira, kama wafanyavyo watu wa Ulaya wakati wa likizo. Majirani wametucheka: uko na nyumba mujini, unaenda kulipa nyumba ya pori? Wacheke.

Nyumba ni nzuri kuliko nilivyotumaini. Matofali mekundu ya zamani. Bati linaloteremka hadi kulifunika baraza. Sakafu iliyosuguliwa mpaka inaonyesha miguu ya viti. Na mbele yetu miombo imeanza kuchipua: majani mapya mekundu, kilima kizima. Mvua iko mbali bado, lakini miti imekwisha kuvaa kwa ajili yake. Nimeitazama muda mrefu. Nina furaha.

Wifi yangu Félicité, dada wa Anaclet, amekuja nasi kusaidia mapishi. Ukimya wa hapa unamchosha. Amefungulia simu yake nyimbo za kanisa lake, kwa sauti kubwa. Nimevumilia.

Jumatano, 27 Agosti

Mama Odila, mwenye nyumba, ametutembeza leo. Mjane. Anaishi katika nyumba ndogo nyuma ya migomba, na anafuga vifaranga vya samaki katika mabwawa matatu madogo ya saruji. Kila asubuhi huinama na kuchovya kiwiko majini, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Sijaona mtu anayefanya kazi yake kwa heshima kiasi hicho.

Jumamosi anakuja mtu wa Kambove aliyechimba mabwawa makubwa. Atawachukua wote. Mwaka mzima wa Mama Odila umo ndani ya saruji hiyo, na masomo ya wanawe wawili pia. Hana mavuno mengine.

Maji hutoka kwenye chemchemi ya kilimani, huingia katika tangi, kisha hugawanyika: bomba moja kwetu, jingine kwa samaki. "Hapa mayi iko siku yote," alituambia.

Félicité alinikonyeza. Jikoni akasema kuwa kila mwenye nyumba husema hivyo: "Bote njo vile banasemaka! Kesho utasikia, mayi imekatika. Minye nilizaliwaka Likasi, hapana Bulaya."

Tumekuja na bidoni zetu tupu, madumu ya kuwekea maji. Mtu wa Likasi hasafiri bila bidoni. Kwetu bomba likianza kukoroma, watu huacha sahani mezani, huacha hata sala, na kukimbilia ndoo. Basi jioni tukajaza. Bidoni, sufuria, mabeseni, bafu lote la kuogea. Nami nilijaza, bila kufikiri, kama mtu anavyopumua. Kabla ya kulala Félicité akaliacha bomba wazi juu ya mapipa ya mvua kando ya ukuta, yajae polepole.

Tunalala kwa amani kabisa.

Alhamisi, 28 Agosti

Asubuhi bomba kavu. Félicité akapiga makofi: "Si nilibaambia?"

Kisha tukasikia kilio cha Mama Odila.

Tangi tupu. Katika majira haya chemchemi huwa nyembamba kama uzi. Sisi tulikuwa tumenywa akiba yake yote. Hakuna tone lililokuwa likiingia kwa samaki. Walikuwa juu ya maji, maelfu ya midomo midogo, wakihema. Katika bwawa la kwanza wengi walikuwa wamekwisha kugeuza matumbo.

Aibu. Sina neno jingine.

Nilitoka na maneno, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu. Nimesema kwenye harusi na misiba ya nusu ya mji. Nilikuwa nimeanza: Mama Odila, mbele ya Mungu na mbele yako... Akanikata.

"Mama, ile hotuba utaipatia samaki mangaribi. Mayi iko wapi?"

Maji yalikuwa kwetu. Yote.

Anaclet alitoka na nguo za kulalia. Ameishi na pampu maisha yake yote. "Mumwange toka juu!" alipiga kelele. "Mayi ishike hewa!" Tukabeba. Nilimkataza asibebe, hakunisikia. Alikohoa, akabeba, akakohoa. Niliogopa vibaya. Félicité alichukua bidoni mbili mbili, akilia na kuwaombea wadogo wale kwa sauti: "Yesu, beko batoto baloko, ubahurumie!"

"Omba na mikono, mama!" akajibu Mama Odila. "Mikono!"

Tukamwaga bafu, tukamwaga mapipa, tukamwaga hata maji ya chai. Adhuhuri uzi wa chemchemi ulianza kufika tena.

Bwawa la kwanza wamekufa wote. Mengine mawili wanaishi. Leo wanaishi.

Ijumaa, 29 Agosti

Hajatulaumu. Ningependa atulaumu.

Samaki waliochoka hawali, na hufia njiani, kwa hiyo mnunuzi hatawataka. Asubuhi Mama Odila amewatupia pumba. Hawakugusa. Amekaa ukingoni, mikono mapajani. Amerudia baada ya saa nyingi. Bado.

Alasiri mmoja alipanda juu. Wa pili. Ghafla maji yakachemka kwa midomo. Anaclet alivua kofia. Mama Odila hakupiga vigelegele. Alitupa pumba konzi nyingine, kwa utulivu ule ule. Mwanamke huyu ni mkubwa. Nimewajua wakuu wa shule wengi wasiofikia nusu yake, nami nikiwa mmojawapo.

Jumamosi, 30 Agosti

Mtu wa Kambove amefika na gari na mapipa ya kubebea. Amechota, ametazama, ameridhika. "Hawa beko na nguvu. Na hii bwawa, mbona tupu?"

Nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo. Félicité hakutafuta.

"Minye njo niliua. Hapana yeye. Yeye alitwambia mayi iko, minye nikakatala."

Mtu yule alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama, weye ukifuga mamba, naye atakufa."

Félicité alicheka kabla yetu, machozi yakimtoka. Miaka thelathini nimemwona mtu wa kelele tu. Leo nimempenda.

Mnunuzi amewachukua wa mabwawa mawili. Bwawa lake la tatu, huko Kambove, litangoja hadi mvua za kwanza, amesema. Mama Odila akiwa na wengine, sawa. Asipokuwa nao, atanunua kwingine. Mama Odila aliitikia kwa kichwa. Sikuweza kuusoma uso wake.

Jumapili, 31 Agosti

Sala tumeifanyia barazani. Gari letu linakuja alasiri.

Baada ya chai Mama Odila alituita nyuma ya nyumba yake, penye bwawa la udongo ambalo hatukuwahi kuliona. Humo wamo wazazi wa vifaranga. Aliingia hadi magotini, akangoja, akatumbukiza wavu na kuinua jike mmoja. Koo limevimba. Mdomo umefungwa.

Ana watoto kinywani, alisema. Hali kitu mpaka watoke, na hao ndio wa bwawa lililo tupu.

Tulisogea kutazama.

Alimrudisha majini kwa viganja viwili. Samaki alitulia kidogo juu ya mikono yake, kisha akashuka chini, mdomo ukiwa bado umefungwa.