Kovu la Shavu la Kulia

Biryogo, Jumapili

Kwako Mama Mdogo Zaituni,

Shikamoo. Jirani fundi cherehani ameongeza mashine ya pili, na kelele zimezidi.

Barua iliyopita nilikuita mwongo. Nilidai kwamba mwanamke wa kwenye negativu, zile filamu za picha ulizonitumia, si mama yangu, nisiyewahi kumwona, maana kovu lake lilikuwa kwenye shavu la kushoto, nawe ulisema la kulia. Ukanijibu kwa simu, “Na digrii yako hiyo, utambishia hata aliyekuzaa!”

Jana nikagundua: niliilaza filamu kichalichali kwenye kioo cha skana, kulia kukawa kushoto. Nimeigeuza. Ndiye.

Ungeweza kunionya kwamba filamu ina upande wake, lakini kosa ni langu. Tangu jana situlii; nainuka, naketi, naifungua tena picha. Niambie, tafadhali, alikuwa akichekaje?

Mwanao mbishi,
Ganza