Mpe Msimamizi Wako Makala Hii

Nyasho, Musoma

Mama Sara wangu,

Huku mvua imeanza. Paa la jikoni nimeliziba, na Sara amechaguliwa kidato cha tano. Mama kule Butiama bado anakuwekea kichwa cha samaki sato kila Jumapili, halafu anampa paka.

Kwenye kijiwe cha kahawa Mukendo tunaendelea kumjadili huyo tajiri wako wa roketi. Mimi nasema mtu anayenunua uwanja wa mazungumzo wa dunia nzima mtandaoni ili awatukane watu kwa sauti kubwa kuliko wote ni dikteta asiye na nchi. Chrispin, fundi viatu, ananirukia: "Mwalimu, tulikuwaga tunakuamini! Mkeo si anaunganisha magari kiwandani kwake huko ng'ambo? Mrudishe basi!" Wanacheka mpaka kahawa inamwagika.

Juzi redio ilisema atapunguza maelfu ya wafanyakazi. Kijiwe kizima kilimlaani, na mimi nililaani kuliko wote. Kisha nikapitia sokoni, nikanunua shuka jipya, nikatandika upande wako wa kitanda.

Hujaniambia kama na wewe umo kati ya wanaopunguzwa. Miaka minne imetosha, Jeska.

Ndani ya bahasha nimeweka makala yangu mpya, kali kuliko zote nilizowahi kuandika gazetini kumhusu huyo bwana. Mpe msimamizi wako, atafute wa kumtafsiria. Mwambie aliyeiandika ni mumeo. Labda atakufukuza.

Ninayekungoja,
Baba Sara