Majibu ya Makupa

Kibokoni, Mombasa
12 Februari 1995

Kwa mdogo wangu Mirriam,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, wa kushukuriwa ni Mungu, ila mama na goti lake: ukilipoza leo, kesho limeamka. Nawe baridi ya Uholanzi yakuendeaje?

Picha yako imefika. Mama ameizungusha mtaa mzima, hata kwa watu ambao hatusemi nao. Kila anayeketi barazani huambiwa, "Mwanangu yuwasomea mambo ya akili za watu kazini." Jana Bi Rukia akamuuliza, "Na huyu Mejumaa je?" Mama akajibu, "Huyu yupo." Nikaenda zangu jikoni.

Elimu yenyewe sijaifahamu. Mtu asafiri mpaka Ulaya kujua kwa nini watu huchukia kazi? Ungeniuliza mimi. Mwaka wa kumi huu niko na makarani na mabwana shamba wa chama cha ushirika hapa Makupa, na Bwana Ngala, meneja wetu, ni yule yule. Akiingia, ofisi nzima hunyamaza kama kuku waliomwona mwewe. Na usisahau kwamba tangazo la masomo hayo lilibandikwa ofisini kwetu, nikakuletea mimi kwa mkono wangu.

Jifunike vizuri.

Dadako,
Mejumaa


Uholanzi
20 Machi 1995

Dada yangu Mejumaa,

Waalaikum salaam. Mimi sijambo, baridi imeanza kunizoea. Mwambie mama goti alikande kwa mafuta ya moto, asilivumilie tu.

Wauliza nasoma nini. Shirika la kilimo linalonilipia masomo lina miradi nchi nyingi. Limepeleka mbegu, pampu, magari, na miradi mingi imekufa. Mwalimu wangu asema walitazama mashamba, wakasahau watu. Bwana shamba anayedharauliwa na mkubwa wake ataibeba dharau ile mpaka kwa mkulima. Ndiyo elimu yenyewe, dada: namna watu wanavyoishi kazini, na namna ya kuwalea ili kazi yao isimame imara.

Utafiti wangu nataka niufanye kwenu, na hakuna mwingine ninayemwamini. Nimeweka maswali ndani ya bahasha hii. Waulize mabwana shamba mmoja mmoja. Wahakikishie kuwa ni siri, maana asiyeamini siri hatasema kweli.

Yale maneno yako ya kuku na mwewe niliyasema darasani. Walicheka. Mwalimu aliyapenda sana.

Mdogo wako,
Mirriam


Kibokoni
9 Agosti 1995

Kwa Mirriam,

Salamu nyingi. Mama hajambo, goti limetulia. Mimi ni mzima.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sisi wengine hatulipwi kwa kusoma. Maneno yangu ulipoyasema darasani, ulisema ni ya nani? Hukuniambia, nami sikulazimishi. Nauliza tu.

Kazi yako nimeimaliza. Majibu ndiyo haya. Watu wote waridhika. Bwana Ngala wamwona kama baba yao. Mabwana shamba Kazungu, Charo na wenzao hawana lalamiko. Huenda mambo uliyofundishwa ni ya nchi nyingine.

Mama ameniuliza kwa nini mimi sikuomba masomo yale. Nimemwambia kulikuwa na goti la kupelekwa hospitali kila Alhamisi.

Dadako,
Mejumaa


Uholanzi
17 Novemba 1995

Dada Mejumaa,

Nakusalimu, na mama nambusu mikono. Mimi afya ipo, moyo hauko sawa.

Nilichanganyikiwa niliposoma majibu, kwa sababu hayafanani na miaka kumi ya hadithi zako. Lakini nilikuamini, nikayawasilisha. Shirika limeyasoma, likasema Makupa hapana shida, mradi wa kuwafunza watumishi, uliokusudiwa kuanza kwenu, uende Tanga.

Kuna jambo nilikuficha, nikingoja lishike mizizi. Mradi ule ulihitaji mratibu wa pwani nzima, mtu anayewajua wafanyakazi. Angesomeshwa kwanza mwaka mmoja, hapa hapa nilipo mimi. Nilitaja jina lako. Walilikubali. Nilikuwa nimeanza kukutafutia koti.

Sasa kazi ile imekwenda na mradi. Amepewa mtu wa Tanga. Nisamehe, dada, nilidhani nakutengenezea jambo zuri la kukushtua.

Mdogo wako,
Mirriam


Moshi
3 Machi 1996

Dada Mejumaa,

Natumai barua hii yawakuta salama. Tangu Novemba sijapata neno lako, hata salamu za Idi hukuleta.

Shirika limenileta Moshi siku mbili tu kwa mkutano wa vyama vya ushirika, na mmoja wa waliokuja ni Kazungu wenu. Tulikaa pamoja wakati wa chai. Nikamwambia, "Nimefurahi kusikia Bwana Ngala mwamwona kama baba."

"Nani kakwambia?"

"Ninyi wenyewe. Majibu yenu."

Akaweka kikombe chini. "Dadako alitwambia kila tutakalosema litasomwa na Bwana Ngala, pamoja na jina la aliyesema. Mimi nina watoto, Mirriam. Ungesema nini?"

Akaniambia pia kuwa Charo ameacha kazi na kurudi kwao Kaloleni.

Usiku sikulala. Najaribu kukumbuka nilikukosea wapi, na kila nikikumbuka napata pengi. Lakini wale mabwana shamba walikukosea nini?

Mirriam


Kibokoni
26 Mei 1996

Mdogo wangu Mirriam,

Assalaam alaikum. Mama ni mzima na akuulizia. Mimi sijui niseme ni mzima au la.

Mwezi uliopita nilikwenda Kaloleni kumwomba Charo aje mjini siku moja tu. Akaja. Nikawakusanya yeye na mabwana shamba wote ndani ya ghala la korosho, nikawaambia yale niliyowatisha nayo yalikuwa uongo. Kazungu akauliza, "Kwa nini ulifanya hivyo?" Nikasema, "Nilimwonea kijicho ndugu yangu." Hakuna aliyecheka.

Charo ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa akilazimishwa kuandika kuwa amewatembelea wakulima, na pikipiki haina mafuta. Mkulima mmoja akamwita mwongo mbele ya watoto wake, ndipo akaacha kazi. Wengine wakafuata. Wapakiaji waliokuja kubeba magunia nao wakakaa chini. Niliuliza tu, nikangoja.

Bwana Ngala aliniita. "Nani amekupa kazi ya kuwahoji watu wangu?"

"Hapana aliyenipa."

"Basi utakwenda bandarini Kilindini, ukapokee mizigo." Ndiko niliko sasa. Lakini Kazungu na wenzake wamekwenda kwa kamati ya chama wenyewe, na kamati imekubali kuwasikiliza. Mradi uliokwenda Tanga hautarudi, najua.

Nilidhani nikishafanya haya, wivu utanitoka. Haukutoka. Watu wale walipokuwa wakisema, mmoja akimaliza mwingine akishika, nilikaa juu ya gunia nikafahamu kitu ulichokifuata huko, na wivu ukazidi. Zamani nilikuonea wivu kwa ndege na kwa sifa za barazani. Sasa nakuonea kwa kazi yenyewe, na huu wauma zaidi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, utasema utakalo, nami nitakaa nisikie.

Kwa sasa nitumie kitabu kimoja cha elimu yako. Usiniletee cha kuanzia. Nataka kile kilichokushinda wewe.

Dadako,
Mejumaa